Hodi ya Tatu

Kanuni zetu ni tisa, na saba kati ya hizo nimeziandika mimi. Zimepakwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao uliosimama pale tunapokutana na wageni, ng'ambo ya daraja la Sabaki ukitoka Malindi. Mgeni aje na chupa yake ya maji, si ya kutupa; maji yakimwishia tutamjazia. Kundi lisizidi watu sita. Mikoko michanga haikanyagwi, hata kama picha itapendeza vipi. Watoto hawarushiwi peremende, maana mtoto unayemrushia leo, kesho haendi shule, anakungoja njiani. Mtu hapigwi picha mpaka aulizwe, na akikataa haulizwi mara ya pili. Ya saba ndiyo niliyokuwa nikiipenda kuliko zote: mgeni hazunguki nyuma ya nyumba ya mtu.

Hiyo ya saba nilikuwa nikiieleza kwa urefu. Kwetu Mambrui mlango wa mbele ni wa wanaume na wa wageni. Nyuma ni uani, na uani ni kwa wanawake. Ndiko wanakopikia, wanakofulia, wanakosukana nywele, wanakopitiana nyumba kwa nyumba bila ya kutokeza njiani. Mwanamume hapiti huko. Hata mwenye nyumba hukohoa kwanza. Mzungu ukimwacha atazunguka kila pahali na kamera yake, kwani kwao nyuma ya nyumba ni bustani. Mimi simwachi.

Nimekuwa mkali hivi kwa sababu sikuanza hivi. Nilianza kwa kuwa bichi boi pale Malindi. Kazi yangu ilikuwa kumfuata mtalii ufuoni kutoka hoteli moja hadi nyingine, nikimuuzia safari ya mashua asiyoitaka, kwa lugha tatu nilizozijua nusu nusu. Siku moja mama mmoja aligeuka akanitolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na watoto wawili. Niliona haya, nikarudi nyumbani kwa miguu. Baada ya hapo nikajiunga na wenzangu wanne tukaanzisha matembezi yetu ya Mambrui, na mimi ndiye niliyeshika chaki na kusema tuwe na kanuni. Mlevi aliyeacha pombe hakai na walevi wenzake. Basi ndivyo nilivyokuwa.

Matembezi yenyewe ni ya nusu siku. Tunaanza saa moja asubuhi mtoni, pale Sabaki inapoingia baharini, maji yake mekundu kama chai ya tangawizi yanapokutana na ya chumvi. Kuna vitwitwi, ndege wadogo wanaokimbia ukingoni, na misimu mingine heroe, wale ndege wa miguu mirefu ambao wageni huwaona wakanyamaza wenyewe bila ya kuambiwa. Kisha tunapita kwenye vitalu vya mikoko vya kina mama, kila mgeni anapanda mche mmoja, anachafuka, anafurahi. Kisha tunaingia mjini Mambrui pole pole, tunatazama makaburi ya kale na msikiti kwa nje, na saa sita tunakwenda kula chakula cha mchana nyumbani kwa shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Siku hizo alikuwa na miaka sabini na tatu, anakaa peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, hatua chache kutoka msikiti wa zamani. Ana watoto wawili wa kiume. Mdogo yuko Uarabuni na huonekana mara moja kwa miaka miwili. Mkubwa yuko Mombasa, anafanya kazi bandarini, ana nyumba ya ghorofa ya nne yenye maji ya mfereji na feni kila chumba, na kwa miaka mitatu alikuwa akimwomba mamake ahamie huko. Shangazi alikuwa na jibu moja. "Nikakae angani kama njiwa? Na njiwa ana mbawa."

Hatimaye binamu yangu huyo alichoka kuomba. Alikuja Idi, akala, akanawa, akanitoa nje barazani akaniambia: "Mama ni mtu mzima. Akianguka humu ndani nani atajua?" Nikamwambia mimi niko. Akasema, "Wewe una kazi zako." Nikamwambia kazi zangu ndizo zinazonileta hapa, kila Jumanne na kila Jumamosi nimo humu na wageni, na siku nyingine napita jioni. Mimi nitakuwa macho yako, nilimwambia. Akasema, "Haya, nimekuachia. Lakini siku ikitokea la kutokea, namchukua siku hiyo hiyo, na sitaki kusikia la mtu." Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya pazia anasikiliza, kama kawaida yake. Alipoondoka mwanawe alitoka akanishika mkono akaubusu, mimi mdogo wake! Nikauvuta mkono kwa haya. "Umeniokoa, mwanangu," akasema. "Mimi nikitolewa hapa, nitolewe kwa jeneza."

Kwa hivyo chakula cha wageni kwake hakikuwa chakula tu. Ndicho kilichomweka nyumbani kwake. Alijua yeye, nilijua mimi.

Alipika kama mtu anayeozesha. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, kachumbari yenye ndimu. Alikuwa na sharti moja: wageni wakae chini kwenye mkeka na wale kwa mkono, na atakayetaka kijiko akakitafute hotelini. Nilijaribu kumtetea mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na magoti mabovu. Shangazi akaniambia, "Mimi magoti yangu ni mazuri?" Mzee akakaa chini. Alipomaliza kula ilibidi tumwinue watu wawili, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa kabla ya kula kulikuwa na somo la hodi, na hilo ndilo nililokuja kulieleza.

Nilikuwa nikiwasimamisha wageni mbele ya mlango, hatua tatu nyuma, si usoni pa mlango bali pembeni, ili mlango ukifunguka usione ndani. Nawaambia: kwetu mtu hafungui mlango wa mwenziwe. Anabisha hodi. Akiitikiwa karibu, anaingia. Asipoitikiwa, anangoja kidogo, anabisha ya pili. Asipoitikiwa, anangoja, anabisha ya tatu. Na ya tatu isipoitikiwa, anageuka anakwenda zake, bila ya kinyongo, bila ya kuchungulia dirishani. Ndivyo tulivyofunzwa tangu chuo cha Kurani tukiwa watoto. Huenda mwenye nyumba amelala. Huenda anasali. Huenda hataki tu kuonana na mtu leo, na hiyo ni haki yake. Wageni walilipenda somo hili kushinda heroe. Kwao watu wanabonyeza kengele mpaka kidole kinauma.

Shangazi alipotambua kwamba wageni wanalipenda, akaanza kunisaidia. Hakuna aliyemfunza. Hodi ya kwanza hakuitikia. Ya pili hakuitikia. Wageni wanatazamana, wanashika pumzi, mwingine anakunja uso kwa huruma akidhani chakula kimepotea. Nabisha ya tatu, na hapo, baada ya kitambo, sauti inatoka ndani kwa madaha: "Kariiibuni!" Wageni wanapiga makofi. Nilijua yuko nyuma ya mlango muda wote, ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, anacheka.

Nikiwa peke yangu mambo hayakuwa hivyo. Mimi ni mtoto wa nduguye, si mgeni wala si wa kufichwa. Nilikuwa nikisukuma mlango nikaingia huku naita, "Shangazi, uko?" naye hujibu kutoka jikoni, "Niende wapi?" Tofauti hiyo sikuwahi kuifikiria. Mbele ya watu nilikuwa na kanuni; peke yangu nilikuwa na shangazi.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya kaskazi, joto limebana tangu asubuhi. Nilikuwa na wageni wanne. Mume na mke wastaafu waliovaa kofia za namna moja, mwanamume mwenye kamera ndefu aliyetaka ndege tu, na mwanamke wa makamo, mwalimu, aliyesafiri peke yake na kuandika kila kitu kwenye daftari. Huyo mwalimu alikuwa na maswali mazuri. Nilimpenda kama vile mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayekaa mbele.

Tulipokuwa tunaingia mjini, kipaza sauti cha msikiti kilitangaza msiba. Mzee mmoja wa upande wa mashambani amefariki, maziko ni baada ya adhuhuri. Nikawaeleza wageni kinachosemwa. Njiani tukapishana na wanawake watatu wenye mabuibui wakielekea huko, nikawaamkia, wakanijibu kwa haraka.

Tukafika kwa shangazi. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufunguliwa wala sijui kama ulifungwa. Nikawapanga wageni pembeni, nikatoa somo langu lote, sikuruka hata neno. Nikabisha. "Hodi!" Kimya. Nikawakonyeza wageni. Nikabisha ya pili. Kimya. Mke wa yule mstaafu akanong'ona kitu kwa mumewe. Nikangoja zaidi ya kawaida, kwa sababu nilidhani shangazi leo anaongeza chumvi. Nikabisha ya tatu, kwa sauti ya juu kidogo.

Hakuna aliyeitikia.

Tulisimama pale labda dakika tatu. Mwalimu akasema, "Lakini si anajua tunakuja?" Nikamwambia anajua, ila kuna msiba, na kwetu msiba haungoji, mwanamke akisikia, anajitupia buibui na kutoka, hata sufuria iko jikoni. Akanusa hewani akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nami nilikisikia. Harufu ya wali unaoshika chini. Shangazi huupalia wali makaa juu na chini, na nilijiambia kwamba ameuacha umepaliwa akakimbilia msibani, na kwamba utaungua kidogo, basi, ukoko nao una wenyewe.

Mwalimu akasema: "Mimi ni mwanamke. Niruhusu nizunguke nyuma nimwangalie."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa. Alikuwa amesikiliza somo, amelielewa, na ametafuta njia ya kupita bila ya kulivunja. Nami nikamwambia hapana. Nikamwambia kanuni ya saba haichagui mwanamume na mwanamke. Uani ni kwa wanawake wa mtaa, wanaojuana, si kwa mgeni. Nikaona uso wake umeingia haya, nikataka kumfariji, basi nikaongeza maneno ambayo niliyaona mazuri wakati ule. Nikasema: leo mmepata bahati ambayo wageni wengine hawajaipata, kwa sababu wao waliona hodi inayoitikiwa, na ninyi mmeona hodi isiyoitikiwa. Kunyamaza nako ni jibu. Sasa tunaondoka bila ya kinyongo.

Mwalimu akaandika.

Nikawapeleka mkahawani kwenye njia kuu, wakala chapati na maharagwe. Wallahi nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia shangazi kwa kwenda msibani bila ya kuniachia neno hata kwa jirani. Nikampigia simu, haikupatikana, na hilo halikunishangaza kwani yeye huizima ati asimalize chaji. Hata adhuhuri sikuisalia Mambrui. Niliwapandisha wageni tuktuk, nikaenda nao mpaka Malindi, nikaagana nao, nikakaa mahali kunywa kahawa. Nilikuwa na mpango wa kumpitia shangazi jioni nimlaumu.

Saa kumi na dakika chache simu ikalia. Alikuwa jirani wa shangazi, mwanamke ambaye uani kwake na kwa shangazi ni mlango mmoja. Alikuwa akihema. Alisema alikuwa msibani tangu asubuhi, amerudi, amekumbuka ana sinia ya shangazi ya juzi, akapita uani kuirudisha. Akaona moshi jikoni, sufuria imekuwa mkaa. Akaita. Akasikia mtu anajibu kwa sauti ndogo kutoka bafuni. "Ameteleza kando ya birika la maji ya kuogea," akaniambia. "Mguu haugusiki. Yuko chini tangu kabla ya adhuhuri. Njoo."

Sikumbuki vizuri safari ya kurudi. Nakumbuka kwamba nilihesabu. Kabla ya adhuhuri mpaka saa kumi. Tulifika pale mlangoni saa sita kamili.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumvika na kumlaza kwenye kitanda cha kamba, kina mama wanne, na hawakuniruhusu kuingia mpaka wamfunike vyema. Tulimpeleka hospitali Malindi kwa gari la mtu. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema atahitaji kupasuliwa, na kwamba maji yamempungukia mwilini kwa kulala vile kwenye joto. Angechelewa mpaka usiku, alisema, mazungumzo yangekuwa mengine. Shangazi alikuwa amepewa dawa ya maumivu, anasinzia. Aliniona, akatabasamu, akasinzia tena. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Mtu mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwanawe nikasema ndiyo, nikaona haya, nikasema hapana.

Binamu yangu aliingia alasiri ya siku ya pili. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, ningefurahi. Hakunigombeza. Alisimama mbele yangu na mkoba wake begani, akasema, "Macho yangu yalikuwa wapi?" Akapita akaingia wodini. Siku hiyo hiyo akamtafutia gari la wagonjwa akamchukua Mombasa, kama alivyosema atafanya. Nyumba akaifunga mwenyewe, na ufunguo akautia mfukoni akanitazama akiutia.

Wenzangu tuliokuwa tukifanya nao kazi waliniuliza tufanyeje kuhusu chakula cha wageni. Nikawaambia watafute nyumba nyingine. Wakatafuta. Wiki mbili baadaye tukawa na mkutano wetu wa mwezi, na mmoja wao akaja na simu yake mkononi, anacheka kwa furaha. Yule mwalimu alikuwa ameandika kutuhusu kwenye mtandao, maneno marefu, na alikuwa ametupa nyota zote. Alisifu mto, alisifu mikoko. Lakini zaidi alisifu nyumba moja iliyonyamaza, na mwongozaji mmoja aliyekubali wageni wake wakose chakula kuliko kumvunjia mwanamke heshima nyumbani kwake. Alisema katika safari zake zote hakuona mtu aliyeishi alichokifundisha kama yule. Mwenzangu alisoma yote kwa sauti, wakanipigia makofi. Walijua shangazi alianguka. Hawakujua kwamba ni siku ile, kwa saa ile. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu walau mtu humwonea raha.

Nilikwenda Mombasa baada ya wiki sita. Ningesema niliogopa kwenda kabla ya hapo, na ingekuwa kweli. Nilibeba maembe, ukindu wa kusukia mikeka aliouagiza, na samaki mkavu. Binamu alinifungulia, akaniitikia salamu, akanionyesha kwa kidevu. Shangazi alikuwa sebuleni kwenye kiti kirefu, feni inazunguka juu yake, na mbele yake fremu ya chuma ya kujishikilia akitembea. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia shikamoo nikambusu mkono, akaushikilia wangu hakuuachia.

"Mambrui wazima?" akauliza.

"Wazima, shangazi. Wanakusalimu."

"Mlango wangu mzima?"

"Mzima."

"Mwongo. Umepita hata?"

Nikamwambia nimepita. Nilikuwa nimepita kweli, kwa njia ya mbali. Binamu alikuwa amekaa upande wa pili, anatazama simu yake bila ya kuisoma. Ule mnuno wake ulijaa chumba kizima. Shangazi akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akapiga mkono wa kiti.

"Ala! Basi mtakaa hivi hata lini? Wewe mwanangu, mwezi na nusu unamnunia mwenzako, na hujaniuliza hata siku moja ilikuwaje. Leo nitasema, na wote mko."

Binamu akasema, "Mama, pumzika."

"Nimepumzika mpaka nimeota mizizi. Sikiliza." Akajisogeza kidogo, akakunja uso kwa maumivu, akaendelea. "Siku ile nilikuwa nimemaliza kupika. Nikaupalia wali, nikasema nioge nitoe moshi, wageni hawajafika. Nikateleza. Kanga iko kwenye kamba, mimi niko chini, siifikii. Kama nilivyozaliwa. Mara nasikia hodi."

Nikamkatiza.

"Ulinisikia, shangazi?"

"Nilizisikia zote tatu. Na ile darasa yako pia, mpaka nikataka kucheka."

"Sasa mbona hukuitika?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza mbona samaki hakuruka. "Niitike nini? Nikisema karibu mtaingia, na una wanaume wa Kizungu na makamera yao. Nikipiga ukelele watakuja wanaume mtaa mzima. Sabini na tatu nimejisitiri, nije nikaanikwe siku moja kwa sababu ya mguu? Nikanyamaza. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa ndugu yangu, kaniamkia mara tatu sikuitika, na wali wangu unaungua ananusa. Atajua. Sasa atawapeleka wageni wake pahali, awaweke, halafu atarudi peke yake."

Binamu alikuwa ameweka simu chini.

"Basi nikangoja," akasema shangazi. "Nikawa nasoma sura nilizojaaliwa, nikichoka nalala, nikiamka nasoma. Sikuogopa hata. Kwani najua anakuja. Ikapita adhuhuri, ikafika alasiri, ndipo namsikia jirani yangu uani ananiita. Hapo ndipo nilipolia. Nikasema, lo, huyu kijana kamshinda baba yake kwa akili! Hakuja mwenyewe asije akanikuta nilivyo, akaona haya naye, nami nikaona haya. Kamtafuta mwanamke kwanza akamtuma. Kamtoa msibani huko. Ndipo akachelewa." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unamuuliza macho yalikuwa wapi! Hayo ndiyo macho."

Jirani alikuwa amekuja kurudisha sinia. Aliniambia mwenyewe kwa simu. Saa hiyo mimi nilikuwa Malindi na kikombe cha kahawa mbele yangu, nimemkasirikia shangazi.

Binamu alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu hospitali. "Wewe ndiye uliyemtuma yule mama?" akaniuliza.

"Sasa atatumwa na nani?" shangazi akamjibu kabla yangu. "Na malaika?"

Binamu akainuka akaenda jikoni. Tukasikia vikombe. Alirudi na sinia ya chai, akanimiminia mimi kwanza, akaketi, akapangusa uso kwa kiganja. "Hukusema," akaniambia. "Ungesema tu. Mimi nilikuwa nimeshapanga niiuze ile nyumba." Shangazi akamgeukia mzima mzima. "Daktari anasema miezi mitatu atatembea bila ya fremu," akaendelea. "Akitembea nitamrudisha. Lakini kwa sharti moja, uwe wewe ndiye unayemtazama. Sitamwamini mwingine."

Shangazi alinikaza mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Alikuwa ananitazama, uso wote umefunguka, machozi yanamteremka na hayafuti. Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua nikiwa na neno ndani yake, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

Nikasema, "Inshallah."

"Umesikia?" shangazi akamwambia mwanawe. "Haya, mwongeze chai."